Sindano za sikioni na mapigo ya moyo wangu

Jumamosi iliyopita, baada ya miaka minne ya kumeza vidonge vya shinikizo la damu, nilikubali kuchomwa masikioni sindano za akupancha, ile tiba ya asili ya Kichina, katika kliniki ndogo iliyopo Upanga. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele. Ile iliyoingia kwenye kibonde kilicho jirani na tundu la sikio ilileta joto lililoenea hadi shingoni, nami nikawa nimeng'ang'ania kitanda kama abiria wa bodaboda kwenye mvua.

Kibonde hicho hupitiwa na tawi la neva ya vegasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na ambayo mojawapo ya kazi zake ni kupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Katika miaka ya 1950, daktari Mfaransa Paul Nogier alichora ramani ya sikio, kila sehemu yake ikihusishwa na kiungo fulani cha mwili, akilifananisha na mtoto aliyepinduka tumboni mwa mama, fikra ninayoiona ya kishairi kuliko ya kitabibu. Hoja ya neva inanishawishi zaidi.

Nilipoingia, mapigo yangu yalikuwa 86 kwa dakika, na baada ya nusu saa yalikuwa 74, ingawa kulala chini ya feni, mbali na honi za daladala, kungeweza peke yake kuyashusha. Shinikizo la damu lilitoka 148/92 hadi 143/90 tu. Nikatoka, nikapitia duka la dawa, nikanunua vidonge vyangu vya mwezi kama kawaida.