Kutoka Dodoma hadi Mpwapwa: Viko Vinavyoitwa vya Mjerumani

Mkoani Dodoma kitu chochote cha kale chenye chuma au kauri huitwa cha Mjerumani. Cherehani ya Mjerumani, kufuli la Mjerumani, na viko vya kuvutia tumbaku pia. Safari hii ya Kongwa na Mpwapwa ilihusu viko vya namna hiyo, ambavyo wenyewe walitaka kujua vilitengenezwa wapi na nani kabla ya kumsikiliza mnunuzi yeyote.

Mzigo wa kazi hii ni mdogo: lenzi ya kukuza mara 10, tochi, kipande cha chaki nyeupe, pamba, spiriti kidogo, rula na kitambaa laini. Msasa na dawa ya kung'arishia shaba havimo mkobani, na kuna sababu. Muhuri wa kwenye mti una kina kidogo sana. Ukipita na msasa mara moja, jina la fundi limekwenda na halirudi.

Gari la asubuhi lilitoka Dodoma kuelekea mashariki: Ihumwa, Chamwino, Buigiri, Chalinze ya Chamwino, kisha Mbande, ambapo barabara ya Kongwa inaiacha barabara kuu ya Morogoro. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimekauka na mibuyu haina jani. Ukiingia Kongwa unaona mbuga pana zilizowatia Waingereza tamaa ya kulima karanga kwa matrekta kati ya 1947 na 1951. Udongo wenye mfinyanzi uligeuka mgumu jua lilipowaka, mvua ikawa haba, mradi ukafa. Kwa mtu anayetafuta viko, mradi ule ni habari muhimu: ulileta wageni wengi kutoka Uingereza kwa wakati mmoja, katika miaka ambayo kuvuta kiko lilikuwa jambo la kawaida kwao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu, karibuni. Hiki baba yangu alipewa na bwana mmoja wa Kijerumani."

Mzee alikitoa kiko kwenye kopo la maziwa ya unga, kimefungwa kitambaa. Maneno ya mwenye mali tunayaandika kama alivyoyasema, maana nayo ni sehemu ya historia ya kitu. Baada ya hapo tunakiangalia kiko chenyewe, na jina tunalisoma mwisho. Ukianza na jina, macho yatalazimisha vingine vyote vikubaliane nalo.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha shilamu, yaani sehemu ya kutia mdomoni, na shingo ya bori, yaani kikombe cha kutilia tumbaku. Hapa watu huvunja. Kiko kikiwa na moto mti umevimba, na ukivuta kwa nguvu ncha inakatikia ndani. Shika shingo karibu kabisa na maungio, zungusha taratibu kuelekea mkono wa kulia huku ukivuta. Kikikataa, kiweke kwenye friji ya barafu kwa nusu saa. Shilamu ya mpira mgumu husinyaa kuliko mti, na mara nyingi kinaachia. Friji ya soda ya dukani haitoshi, inatakiwa ile inayogandisha. Cha mzee kilikuwa na pete ya chuma shingoni na shilamu iliyochongwa kama kabari, kikatoka bila shida.

Bori lilikuwa la briari, fundo la mzizi wa kichaka cha pwani za Mediterania kiitwacho Erica arborea. Utalijua kwa nyuzi zake: upande mmoja zimesimama kama ndimi za moto, upande mwingine zimekatwa zikawa vidoa vidogo vya duara. Mti huu ulianza kutumika kwa wingi kwa viko mjini Saint-Claude, Ufaransa, katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo kiko cha briari anachokuambia mtu kina miaka 300 hakiwezi kuwa nayo.

Shilamu ilikuwa imegeuka rangi ya kijani yenye ukahawia. Hiyo ni ebonaiti, mpira uliopikwa na salfa. Ukikaa juani salfa inapanda juu. Wengi huidhani pembe. Pembe ina nyuzi ndefu ndani yake. Ebonaiti haina, na ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto, inanuka kiberiti. Kilichotushtua ni tundu la moshi. Halikuwa kwenye ncha, lilitoboka juu ya mdomo likielekea kwenye paa la kinywa. Tukamulika ndani ya shingo: chini ya njia ya moshi kuna kisima kidogo kilichochimbwa ili kuteka maji ya tumbaku. Vitu hivi viwili kwa pamoja vinaelekeza Dublin, kwa watengenezaji viko Peterson: mfumo wa kisima ulipata hataza mwaka 1890 na mdomo ule mwaka 1898. Mdomo peke yake usikuridhishe, kwani shilamu hubadilishwa.

Pete ilikuwa na vialama vitatu vilivyopangwa kama mihuri ya fedha. Hapo ndipo wauzaji hudanganyika, na wanunuzi pia. Fedha ya Dublin ina mwanamke aliyeketi, kinubi chenye taji na herufi ya mwaka. Ya Uingereza ina simba anayetembea, pamoja na alama ya mji: nanga kwa Birmingham, kichwa cha chui kwa London, taji kwa Sheffield hadi 1974. Herufi peke yake haitoshi kutoa mwaka, sababu alfabeti hurudiwa; lazima uangalie mtindo wa herufi na umbo la ngao inayoizunguka. Fedha ya Ujerumani tangu 1888 ina hilali na taji, mara nyingi na namba 800. Pete ya mzee haikuwa na hata kimoja. Ilikuwa nikeli, na vile vialama ni mapambo ya kiwandani.

Ndipo tukasoma muhuri. Futa mahali hapo kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo sana, kwa sababu spiriti nyingi huondoa vanishi. Paka unga wa chaki, pangusa kwa kidole, chaki ibaki kwenye mashimo. Laza tochi pembeni, mwanga upite karibu sambamba na mti. Ukimulika kutoka juu hutaona kitu. Upande wa kushoto: PETERSON'S, SYSTEM STANDARD. Upande wa kulia: namba 314, ambayo ni ya umbo na si ya mwaka, halafu mistari mitatu iliyofifia: MADE IN THE REPUBLIC OF IRELAND.

Jina la nchi ndilo kalenda. Ireland iliitwa Irish Free State kuanzia 1922 hadi mwisho wa 1937, ikafuata Éire, na jamhuri ikatangazwa 1949. Kiko hiki basi hakiwezi kutangulia 1949, na Wajerumani waliiachia Dodoma mwaka 1916. Tulimweleza mzee hivyohivyo: huenda bwana aliyempa baba yake alikuwa Mjerumani kweli, ila kiko ni cha Dublin.

Jirani yake alikuwa na kingine, kimevikwa ngozi, bori kwa ndani jeupe lililoingia moshi, na chapa ya tembo. Nacho eti cha Mjerumani! Hiki kimezaliwa kwetu. Ni chapa ya Kiko, ya Arusha, iliyotumia jiwe la mershamu lililochimbwa upande wa Sinya karibu na Amboseli. Jiwe hili ni zito kuliko lile la Eskişehir, Uturuki, na halipati rangi ya asali upesi. Hapa tena jina la nchi linafanya kazi: penye Tanganyika ni kabla ya muungano wa 1964, penye Tanzania ni baada yake. Usikioshe kwa maji, maana mershamu hunywa maji ikalainika. Inasikitisha kwamba hiki ndicho watu wanachokiuza kwa bei ya kutupa.

Kutoka Kongwa hadi Mpwapwa barabara inakaribia vilima, na kule kulikuwa na boma la Wajerumani, kwa hiyo madai ya wenyeji yana uzito zaidi. Mama aliyetupokea alileta bori la kauri lenye kifuniko cha bawaba na picha ya paa msituni, limechomekwa kwenye kikombe cha chini cha kutekea maji. Muundo huo ni wa Kijerumani kweli, wa karne ya 19 na mwanzo wa 20. Chini ya lenzi picha ilionyesha nukta ndogondogo zilizopangwa sawasawa, maana yake imechapwa. Ya mkono ina mikwaruzo ya brashi. Kifuniko kilikuwa na herufi D.R.G.M., usajili wa Ujerumani ulioanza 1891, basi kifuniko hakitangulii mwaka huo. Mti mrefu wa kuvutia moshi haukuwa wa asili: viko hivi hutumia mcheri wenye gamba lake linalong'aa, na huu ulikuwa mti wa hapahapa, umechongwa kwa kisu.

Chini ya bori hapakuwa na alama ya kiwanda. Kauri nyingi ziliuzwa tupu na kupambwa na mafundi wengine, hivyo kadi yake ya kumbukumbu tuliijaza: Ujerumani, kuanzia 1891, kauri ya kuchapwa, kifuniko cha asili, mti umebadilishwa Tanzania. Mama alitaka kuutupa ule mti apate wa mcheri. Tulimwomba auache ulipo, na asikisugue kifuniko kwa majivu, kwa kuwa zile herufi nne zimebaki nyembamba kama uzi.