Siku moja maishani mwangu: kuchapa khanga ya wakulima wa mwani

Saa 11 alfajiri
Emulsheni, dawa ya kuziba matundu ya wavu, hupakwa kwenye fremu kabla hakujapambazuka, maana ikipigwa na mwanga wa mchana inaganda. Taa ya chumba ni ya manjano. Tabaka moja nje, moja ndani, zote nyembamba. Ukipaka nene, juu hukauka na ndani hubaki mbichi, kisha maji ya kusafishia huing'oa yote. Masika feni haizimwi.

Fremu ni nne: pembe ya pindo, upande wa pindo, mji (mchoro wa katikati) na jina (maandishi ya khanga). Pembe moja huzungushwa kona zote nne, upande hurudiwa mpaka kitambaa cha sentimita 110 kwa 150 kijae, na hivyo hakuna haja ya fremu kubwa ya kubebwa na watu wawili. Kila fremu hubeba rangi moja tu. Anayetaka mji wa rangi tatu aandae fremu tatu za mji.

Saa 2 asubuhi
Ufukweni Jambiani, Zanzibar. Siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne, na hizo ndizo saa za kina mama kufunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa taitai, vijikamba vyembamba, na kuvuna. Kwa hiyo msanii anayewaita kwenye kikao wakati huo anawakata riziki. Ama unawalipa hizo saa, ama unaingia majini kufunga kamba pamoja nao na maswali yanaulizwa humo humo.

Cha kuchora kipo mkononi. Tawi la kotoni, aina ya mwani, lililopigwa na joto huwa jeupe kama chaki sehemu ya kati, linalegea, na ukilishika linakatika hapo hapo. Spinosum, aina nyingine ya mwani, huvumilia zaidi, ila bei yake ni ya chini. Mwani wa biashara ulianza kulimwa pwani hii mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kotoni ingestawi kwenye maji ya kina, yaliyo baridi kidogo, lakini huko kunataka boti, nyavu na kujua kuogelea. Mtaji huo nani autoe? Haki ya tabianchi inaanzia kwenye swali hilo, na mchoro wa kobe anayelia hauligusi.

Saa 5
Jina. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa. "Mabadiliko ya tabianchi" hayaingii kwenye khanga. Hakuna mama atakayeivaa arusini. Jina zuri lina maneno matatu hadi saba, herufi kubwa, na maana mbili: moja ya jirani, moja ya dunia. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Takwimu hiyo kwenye kitambaa haivaliki. MOSHI WAO, MACHO YETU inavalika, na mke mwenza ataielewa kwa njia yake.

Tunapeleka majina kadhaa, kikundi cha wakulima kinachagua, kinabadilisha au kinakataa yote. Majina ya kuomba huruma huanguka mapema, yanayodai hubaki. Makubaliano huandikwa kabla ya kuchapa: kikundi kinapata fungu gani kwa kila doti, nani ana haki ya kuzuia jina lisitumike kwenye tangazo la mtu mwingine, na kama sura zao zitapigwa picha. Fungu lihesabiwe kwenye bei ya kuuzia, siyo kwenye faida, maana faida ya msanii huwa haionekani.

Saa 7 mchana
Kuchoma fremu juani: mwanga hugandisha emulsheni, ila chini ya mchoro mweusi wa filamu inabaki laini, inaoshwa, na hapo ndipo rangi itapita. Filamu inalazwa upande wa nje wa fremu, kioo juu yake, kitambaa cheusi nyuma. Jua la saa hii hutosha dakika moja hadi mbili, ila kila kopo jipya la emulsheni hujaribiwa kwanza kwenye kipande. Wingu likipita katikati, hesabu imeharibika. Kabla ya kuchoma, simama upande wa kupigia rangi na usome jina. Likisomeka kinyume, pindua filamu.

Saa 9 alasiri
Kuchapa. Kitambaa ni pamba tupu iliyokwisha kufuliwa. Wanga wa kiwandani ukibaki, rangi hukaa juu juu. Kilo moja ya gundi ya kushikisha rangi huchanganywa na gramu 30 hadi 50 za rangi. Ukizidisha ili weusi ukolee, khanga itachujia kwenye nguo nyingine. Ubapa wa mpira wa kuvutia rangi huinamishwa kidogo, unavutwa mara mbili kwa nguvu ileile. Misumari kwenye ukingo wa meza huonyesha fremu ikae wapi, vinginevyo pembe na upande haviungani.

Adui wa alasiri ni upepo wa bahari, hukausha rangi ndani ya matundu. Fremu isiachwe tupu hata kwa dakika moja: ukimaliza kuvuta, ifunike kwa tabaka jembamba la rangi bila kukandamiza.

Saa 12 jioni
Joto la kushikisha rangi. Mashine ya kubania fulana yenye sentimita 40 kwa 60 inatakiwa nyuzi 150 kwa dakika tatu, na khanga moja ni mibano tisa, karibu nusu saa. Umeme ukikatika katikati, mbano huo unarudiwa wote; dakika mbili kabla na moja baadaye si dakika tatu.

Maji ya kuoshea fremu hayamwagwi mtaroni, kwa kuwa mtaro unaishia kwenye mwani uleule. Yanatulizwa kwenye ndoo usiku kucha, tope la rangi linakaushwa na kuwekwa na taka ngumu.

Saa 2 usiku
Doti ya kwanza haiuzwi. Hufuliwa mara tano kwa sabuni ya mche, kisha inasuguliwa na kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikipata doa, doti zote zinarudi kwenye mashine. Kikibaki cheupe, doti hiyo inapelekwa kwa kikundi pamoja na karatasi ya hesabu, kabla duka lolote halijaiona.