Siku moja na kiberiti, kaskazini mwa Serengeti

Saa 11 alfajiri: chai ya rangi, kiporo cha ugali, tukapakia maji, vipigio vya moto na redio. Ni Juni, nyasi bado zina ubichi chini, na ndiyo maana tunachoma sasa. Moto wa msimu huu hupita juu juu, huruka mabonde yenye unyevu, umande ukianguka unalala. Wa Septemba haubembelezeki; unakula hadi kingo za misitu ya mtoni.

Saa 1 hadi saa 4, kuhesabu mimea na mavi ya wanyama. Kuinama, kuandika, kuinama.

Saa 5 tukiwa chini ya mgunga tukisubiri upepo utulie, gari la wageni likasimama. Dereva akashusha kioo.

"Afande, nyie si walinzi wa wanyama? Mbona mnawachoma?"

(Mimi si afande, ni kibarua wa kikosi cha moto. Nguo za kijani zinadanganya.)

Nikamwonyesha kushoto, kipande tulichochoma wiki tatu nyuma: majani mapya urefu wa kidole, swala tomi wamejaa kama wamealikwa harusi. Kulia hatukugusa, nyasi kiunoni, hakuna tomi hata mmoja, maana humo simba hajionyeshi.

"Basi chomeni kote!"

Duh. Dakika mbili tu, katoka kutulaumu hadi kutaka tuteketeze mbuga. Bahati nzuri taya, swala mdogo, alikuwa mpakani mwa vipande hivyo viwili, akila machipukizi. Gari likanguruma, akatumbukia kwenye nyasi ndefu, kimya. Nikamwambia dereva: huyo mtoto wake humlaza humo. Ukichoma kote, atamficha wapi? Usipochoma kabisa, atabaki na makapi, na moto wa kiangazi utakuta kuni za miaka.

Bado hakuridhika. Nikamfukulia mgunga mdogo, haunifiki gotini, shina jembamba kama penseli, lakini mzizi mnene kama mpini wa jembe. Huo umeungua mara nyingi, unachipua shinani tu. Ukipumzishwa misimu kadhaa, utapita urefu wa moto uwe mti.

"Kwa hiyo hamchomi kila mahali?"

"Wala kila mwaka."

Akapandisha kioo. Hata kwaheri hakuna.

Saa 10 jioni upepo ukakubali, tukawasha. Ndege wala wadudu, kambu na mlamba, wakafika kabla moshi haujapanda, wakidaka panzi mbele ya moto. Walaji hawa hawangoji mwaliko.

Halafu cheche ikavuka barabara. Kuanzia hapo sijui saa. Tulikuwa sita, tunapiga, tunakohoa, machozi yanachuruzika, soli ya kiatu changu cha kulia imeanza kunata. Tulipoushinda nyota zilikuwa zimejaa.

Nikakagua palipoungua kwa tochi. Katikati ya weusi kimebaki kisiwa cha nyasi kisichozidi mkeka wa kuswalia. Nilipokisogelea, kware akafyatuka humo, nusura anigonge uso.

Nikaandika kwenye daftari: kware 1.