Ndege ya Nairobi kwenye TV ya sebuleni

Kwetu hapa Otonglo, Kisumu, jioni huwezi weka habari mpaka ndege ya Nairobi itue. Hiyo sheria waliitunga watoto na mama watoto akaipitisha, kwa hivyo hata mgeni akija anakaa tu na sisi anaangalia ramani kwa TV, kandege kadogo kanashuka polepole kutoka upande wa Nandi, namba za futi zinapungua, halafu tunanyamaza wote tukisikiza mpaka ingurume hapa nje kweli kweli. Kitinda mimba hukimbia kwa uwanja kuipungia mkono. Baada ya hapo ndio habari.

Watu huniuliza tunalipia app gani. Hakuna. Picha ya ramani ndio inatoka kwa intaneti lakini ndege zenyewe zinatoka hewani, zinaingia kwa waya fupi ya shaba iliyo juu ya paa letu, na nimeulizwa sana kazini na hata kanisani hii kitu inafanyaje kazi, kila nikianza kueleza muda unaisha, basi wacha niiandike hapa vizuri.

Ndege nyingi za abiria siku hizi zina mtambo wa ADS-B. Ndege inajua mahali iko kwa kusoma setilaiti za GPS, halafu inatangaza hewani, kama mara mbili kila sekunde, iko wapi, na kando ya hiyo inataja pia iko juu kiasi gani, mwendo wake, inaelekea upande gani na jina la safari. Masafa yake ni megahezi 1090 na haijafichwa kwa siri yoyote, kwa sababu imekusudiwa isikike na ndege zingine na wale wanaoziongoza kutoka chini, kwa hivyo mwenye antena na kidude cha kupokea anaisikia bila kumsumbua mtu. Mimi nilipojua hivyo mara ya kwanza nilikaa nikaangalia juu tu. Miaka yote hiyo hizo ndege zinapita zikijitaja majina na sisi tuko chini hatusikii!

Na ukiangalia historia yake, mwaka 2012 ulileta mambo matatu kwa mpigo. Kwanza Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kutoshea kwa kiganja, ilianza kuuzwa mwezi wa pili mwaka huo kule Uingereza. Pili, wajuzi wa redio wakasambaza habari kwamba kile kidude cha bei ya chini cha USB cha kuonyesha TV ya dijitali kwa laptopu, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kutoa mawimbi mabichi kabla hayajageuzwa kuwa TV, na hapo kikawa redio ya kusikiza karibu kila kitu kuanzia megahezi 24 hadi 1,700 hivi. Tatu, Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, yule yule aliyeandika Redis, programu ya kuhifadhi data, akaandika dump1090, programu ya kusoma hayo matangazo ya ndege, na akaiachilia bure. Wengine wameiendeleza tangu hapo na matoleo yao ndio watu wengi wanatumia saa hii, lakini mzizi ni huo. Hakuna kati ya hao aliyekuwa anafikiria mhasibu wa Kisumu na watoto wake, na bado kazi yao imefika mpaka sebule yetu.

Sasa antena. Hii ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote na niliifanya na binti yangu, ako sekondari msingi na hesabu anaiweza. Nilimwambia mawimbi ya redio yanaenda kilomita laki tatu kwa sekunde, sasa kama yanarudia mara milioni 1,090 kwa hiyo sekunde moja, wimbi moja lina urefu gani? Akachukua karatasi, akagawa 300 kwa 1,090, akapata 0.275, yaani sentimita 27 na nusu. Robo yake ni kama 6.9. Basi, hiyo ndio antena, hakuna uchawi. Tulichukua waya ya stima ya nyumba, ile ngumu ya shaba, tukaimenya plastiki kwa kisu cha jikoni, akapima kwa rula yake ya shule, akaweka alama kwa kalamu ya wino na nikakata. Vipande vitano vyote vya saizi moja. Kimoja kinasimama wima katikati, vinne vinakuwa miguu, vinakunjwa kushuka chini kwa pembe ya nyuzi 45, ukiitazama ni kama buibui amesimama. Fundi wa redio karibu na Kibuye akatusaidia kusolda kwa soketi kwa sababu yeye ana mkono mtulivu na vifaa vyake ni vizuri, tukaifunga kwa paipu ya maji ya plastiki na kuitoa juu ya paa. Lazima iwe juu ya mabati, chini ya mabati haisikii kitu, bati linazuia mawimbi kabisa.

Raspberry Pi yenyewe, yenye kile kidude cha USB na dump1090 ndani, ilifaa ikae karibu na antena, kwa sababu masafa ya juu namna hii yanapotea njiani waya ikiwa ndefu. Lakini darini Kisumu mchana ni jiko. Hiyo kompyuta ikifika nyuzi 80 inajipunguzia mwendo, na chini ya bati la saa nane hizo nyuzi haziko mbali. Mama watoto ndiye aliyesema iletwe tu sebuleni karibu na TV, waya ipite dirishani, ipungue nguvu kidogo lakini tuione sote. Nashukuru sana kwa huo uamuzi. Nyumba nyingi saa hii kila mtu ana kioo chake na pembe yake, baba kule na simu, mtoto huku na simu, mnakula pamoja na hamko pamoja. Hii imefanya kinyume, kioo ni kimoja na sote tunakiangalia, na kila mmoja anapenda kitu chake. Binti ana daftari la mistari, amelipiga safu kwa rula: saa, jina, futi, inatoka wapi. Kitinda mimba anataka tu kujua ni ya mapanga au ya jeti, na zile Dash 8 za Jambojet anazitambua kwa mlio kabla sijaangalia. Mama watoto anapenda zile za juu sana za usiku, anasema anawafikiria watu wamelala humo ndani hawajui wanapita juu ya ziwa letu.

Na maswali ya watoto ni mazuri kuliko ya watu wazima. Siku moja binti aliona ndege iko karibu kabisa kugusa barabara yake pale uwanjani na kioo kinasema bado ina futi elfu tatu na mia kadhaa, karibu elfu nne. Baba, kwani uwanja wetu uko hewani? Tukaeleza kwamba ndege haihesabu kutoka kwa udongo wa Kisumu, inahesabu kwa kipimo cha hewa kinacholinganishwa na usawa wa bahari, na sisi tunaokaa kando ya maji tukidhani tuko chini kabisa tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari. Ziwa lenyewe liko juu hivyo. Alikaa kimya, halafu akatoka nje akaliangalia ziwa kwa mbali.

Kuna kingine alikigundua mwenyewe. Kila ndege ina namba yake ya biti 24, nchi zimegawiwa mafungu, za Kenya zinaanza na 04C na za Uganda 068, kwa hivyo yeye anajua ndege ni ya wapi hata kabla jina lije. Halafu akauliza mbona zingine ziko kwa orodha lakini hazionekani kwa ramani. Jibu lake ni tamu. Ujumbe mmoja ni biti 112 tu, ni mfupi sana, kwa hivyo ndege haitumi mahali ilipo kikamilifu, inatuma vipande vya aina mbili vinavyopokezana, kimoja cha shufwa na kingine cha witiri. Programu ikipata kimoja haijui bado, ikipata vyote viwili inavilinganisha na hapo ndio ndege inatokea kwa ramani ghafla. Shufwa na witiri alizisoma darasani na hakuwa ameona zinasaidia nini.

Upande wa ziwa hakuna mlima wa kutuzuia kwa hivyo ndege za juu tunazipata mpaka mbali ndani ya Uganda. Mashariki ni shida kidogo, milima ya Nandi inaficha zile za chini, tunaziona tu zikishavuka ukingo.

Lakini siku ambayo hii kitu iliingia kwa familia kabisa ni jioni ile shemeji alikuwa anakuja kutoka Nairobi. Mvua ilikuwa imejikusanya upande wa Kano, nyeusi kabisa, radi bado hazijafika kwetu, na mama watoto alishaita tuktuk twende kumpokea. Tukaangalia kioo. Ndege ilikuwa imefika lakini haishuki, imeenda juu ya ghuba inazunguka, duara moja, duara lingine, futi hazipungui. Mama watoto akauliza kuna nini, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Nikamwonyesha ule mstari, duara zimelingana, mwendo ni uleule, urefu ni uleule, hiyo ni ndege inangoja mvua isogee na anayeiendesha ametulia. Tukaomba mwenye tuktuk asubiri, tukamwekea chai. Tulikaa sote pale, hakuna aliyeongea sana, mpaka binti akasema futi zinashuka. Shemeji alipotoka pale getini anaanza kusimulia vile wamezungushwa, dadake akamwambia tumekuona, tulikuwa na wewe. Akalia kidogo. Tangu siku hiyo mama watoto haiiti tena hiyo kitu "vitu vyako", anasema "ndege zetu".

Radi zikikaribia tunachomoa antena, hilo halina mjadala. Hapa ziwani ngurumo ni nyingi na chuma juu ya paa si kitu cha kuchezea. Kazi hiyo ni ya binti, akisikia ngurumo ya kwanza anavuta waya na kuitoa kabisa nje ya dirisha.

Stima ikipotea pia hatukai bure. Raspberry Pi inakula wati chache tu na nimeiunganisha kwa betri ya taa za sola kupitia kifaa cha kushusha umeme hadi volti 5, inatoa waifai yake, TV ikiwa imezima tunaangalia orodha kwa simu. Picha ya ramani nyuma haitokei bila intaneti lakini namba zinakuja. Na kwa kadi hiyo hiyo ya memori nimeweka Kiwix, ambayo inakaa na Wikipedia nzima ya Kiswahili bila bando, kwa hivyo giza likiingia mtoto akiuliza Entebbe iko nchi gani anatafuta mwenyewe na anasoma. Kama una watoto na huna hata haja na ndege, hiyo Kiwix peke yake iweke.

Saa hii mradi mkubwa ni wa Desemba. Ulianza na binti alipokuwa anafuata ndege moja ya juu iliyotoka Nairobi kuelekea Ulaya, iko huko Baringo, akaniita kwa nguvu: Baba, minasi imepotea! Latitudo ilikuwa inasoma minasi sufuri nukta sufuri sufuri na kitu, kisha minasi ikaisha. Ndege ilikuwa imevuka ikweta mbele ya macho yake. Tukaangalia ya kwetu, ni minasi, tuko kusini kidogo tu. Ya dani, yaani nyanya yao, je? Dani anakaa Maseno, ukishapita kile kibao cha ikweta barabarani, na binti akapiga hesabu akasema dani yuko upande mwingine wa dunia na sisi humtembelea kwa matatu.

Maseno iko juu kuliko hapa, kama mita 1,500, kwa hivyo antena hiyo hiyo ikipelekwa huko inatakiwa kusikia mbali zaidi. Tulimpigia dani simu tukaeleza. Akauliza kama itaharibu TV yake, tukasema haitagusa. Akauliza kama itahitaji kupanda juu ya nyumba kubwa, tukasema jikoni inatosha. Akakubali, lakini paipu isimame mbali na mti wa parachichi, na yeye aonyeshwe ya kwanza itakayopita. Binti ameshaanza ukurasa mpya kwa daftari, ameandika Maseno juu, na safu moja ameiongeza: imevuka au haijavuka.