Tangazo lisilomtaja mtu

Jana usiku nimeliangalia tena lile tangazo la 1964 la kampeni ya urais ya Lyndon Johnson, rais wa Marekani wakati huo, nikamwonyesha na mdogo wangu. Kabinti kamesimama kondeni, kananyofoa petali za ua na kuzihesabu. Kanakosea: baada ya tano kanasema saba, kisha sita mara mbili. Mdogo wangu akacheka. Ghafla sauti nzito ya kiume ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, kumi hadi sifuri, kamera ikizama kwenye jicho la mtoto, halafu bomu la nyuklia. Kicheko kikakatika. "Kaka, sasa huyo mpinzani wake ni nani?"

Ndiyo hivyo, Barry Goldwater hatajwi popote! Wapiga kura walishamsikia akizungumza kirahisi kuhusu silaha za nyuklia, kwa hiyo hofu walikuwa nayo tayari. Tangazo liliichokoza tu. Na yale makosa ya kuhesabu, kwangu mimi ndiyo yenye sumu kuliko hata bomu: umeshampenda mtoto kabla hujashtuka.

Lililipiwa kurushwa mara moja tu, tarehe 7 Septemba. Vipindi vya habari vikalirudia bure. Siku hizi kazi hiyo tunaifanya sisi kwenye magrupu ya WhatsApp, na bando tunajinunulia.