Demani Uani Kwetu

Likoni, Jumapili, 28 Septemba

Leo alfajiri upepo haukuwepo. Tangu mwezi wa nne kusi imekuwa ikiusukuma mlango wa uani hata nikalazimika kuuegemeza jiwe, na asubuhi hii jiwe lilikaa bure, makuti ya mnazi yametulia, na honi ya feri ikasikika kutoka kivukoni kana kwamba imepigwa chumba cha pili. Ndiyo demani hiyo: kusi inalegea, yatafuata maleleji ya wiki kadhaa, kisha iingie kaskazi.

Wifi yangu anayeishi London ameniandikia kwamba majani ya huko yameanza kuwa ya manjano na mbayuwayu wamekwisha kutoweka. Kwetu miti haivui majani kututangazia msimu, isipokuwa mkungu, ambao hugeuza yake mekundu kwa saa yake wenyewe, kwa hiyo mimi hutazama magugu. Kongwe, iliyotambaa chini ya ukuta tangu masika na kufungua viua vyake vya buluu asubuhi kisha kuvifumba kabla ya adhuhuri, imekauka ikabaki vijiti. Mchunga nao umeshamaliza maua yake ya manjano, na sasa kila kichwa kimebeba mbegu zenye sufi nyeupe. Mama hanisamehe kwa hilo. Anasema ningeuchuma ungali mchanga tukaupika kwa tui, maana ukikomaa hivi ni mchungu kama shubiri.

Lakini sufi hiyo ina mwenyewe. Kwenye ncha ya tawi la mlimau, karibu na mlango wa jikoni, chozi jike amening'iniza kiota chake, kifuko cha majani makavu kilichofungwa kwa utando wa buibui, chenye mlango ubavuni. Nilikaa kizingitini na kikombe cha chai nikimtazama akishuka kwenye mchunga, akichomoa sufi mpaka mdomo wake mwembamba uliopinda ukafunikwa, kisha akaingia kiotani mzima, ukabaki mkia tu nje, na kifuko kikawa kinatikisika jinsi alivyokuwa akiishindilia ndani kwa kifua. Alikwenda na kurudi mara 11 kabla chai yangu haijapoa. Kiota cha mwaka jana kiliraruliwa na kunguru, hawa wenye shingo ya kijivu ambao asili yao ni Bara Hindi na ambao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakaenea pwani nzima, wala sioni haya kuwafukuza kwa ufagio.

Jioni mbayuwayu watatu walitua kwenye waya wa stima, wa kwanza kuwaona tangu Aprili. Nilitamani kumwambia wifi kwamba wageni wake wamefika salama, ila nisingekuwa mkweli, kwa sababu mbayuwayu wa Uingereza hufululiza hadi Afrika Kusini, na hawa wangu huenda wametoka kwingine kabisa. Hata hivyo nimempelekea picha. Mmoja alikuwa akijichokoa manyoya ya kifua bila haraka, kama mtu aliyeshuka basi la usiku.

Mama amekubali mchunga using'olewe mpaka chozi amalize. Malimau ya samaki wa leo nimeyachuma upande wa pili wa mti.