Elphaba, Glinda na Kutakana Buriani

Shoga yangu na mimi tulikutanishwa kidato cha kwanza na matroni wa bweni, ambaye alitupanga deka moja, yeye juu na mimi chini, bila kujali kwamba mwenzangu alifika shuleni na tranka mbili na losheni za kila aina, ilhali mimi nilikuwa na tranka moja yenye kufuli bovu. Miezi miwili ya mwanzo hatukusemezana ila kwa shari. Nimeyakumbuka hayo kwa sababu majira ya baridi yaliyopita, nilipokwenda kumtembelea Uingereza anakoishi sasa, alinipeleka katika ukumbi wa Apollo Victoria, London, kutazama tamthilia ya muziki iitwayo Wicked, na muda si mrefu baada ya pazia kufunguliwa akanifinya paja: jukwaani wasichana wawili wasiopikika chungu kimoja walikuwa wamepangiwa chumba kimoja.

Nyimbo za Wicked zimetungwa na Stephen Schwartz, na mchezo wenyewe umeandikwa na Winnie Holzman kutokana na riwaya ya Gregory Maguire ya mwaka 1995, ambayo nayo iligeuza nje ndani hadithi ya L. Frank Baum ya mwaka 1900 kuhusu nchi ya Oz. Yule mchawi mbaya wa Magharibi, ambaye kwa Baum hana hata jina, Maguire alimwita Elphaba, jina alilolipata katika herufi za mwanzo za majina ya Baum mwenyewe. Mchezo ulifunguliwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za New York, Oktoba 2003, ukafika London Septemba 2006, na ukiacha kipindi cha UVIKO-19 haujahama Apollo Victoria.

Uamuzi mkubwa wa Schwartz na Holzman, kwa maoni yangu, ulikuwa kuuweka urafiki wa Elphaba na Glinda, yule mwenzake wa chumba chuoni, katikati ya kila kitu, kwani katika riwaya wanawake hao wanapotezana mapema na kitabu kinaendelea na siasa zake. Jukwaani ni Glinda anayefungua hadithi, siku watu wa Oz wanaposherehekea kifo cha mchawi, pale anapoulizwa kama ni kweli kwamba alikuwa rafiki yake. Saa mbili na zaidi zinazofuata ni jibu la swali hilo.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba urafiki wenyewe hauanzi kwa wema. Unaanza kwa wimbo wa chuki, uliofumwa kwa mahadhi ya wimbo wa mapenzi, ambamo kila mmoja anaeleza jinsi mwenzake anavyomsisimua damu kwa kumchukia. Mzoefu wa mipasho ya taarabu angejisikia nyumbani kabisa. Kisha Glinda anamzawadia Elphaba kofia nyeusi yenye ncha, akijua fika kwamba itamfanya kichekesho kwenye dansi. Elphaba anaivaa kwa moyo mweupe, anaingia, watu wanacheka. Naye, badala ya kukimbia, anaanza kucheza peke yake, mikono ikikatika hewani kwa namna isiyofuata mdundo wowote. Wakati huohuo Glinda amekwisha kujua kwamba yule aliyetegwa naye ndiye aliyemwombea nafasi katika darasa la uchawi alilokuwa akilitamani. Basi anakwenda katikati ya ukumbi na kuiga zile ishara moja moja, akikosea, mpaka kicheko kinakatika. Hakuna neno la kuomba radhi linalotamkwa. Hapo ndipo shoga yangu alipouchukua mtandio wangu na kuanza kujifuta macho.

Neno mchawi lenyewe halikunipita hivihivi. Kwa mtu aliyekulia nchi ambamo bibi kizee ameweza kuuawa kwa sababu tu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kumwona msichana aliyezaliwa na ngozi ya kijani akibandikwa jina hilo na wakubwa wenye shida zao si jambo la hadithi za watoto.

Sehemu ya pili, baada ya mapumziko, ina kasoro: mambo yanakimbizwa ili kila kiumbe cha Baum kipate asili yake, na Fiyero, kijana anayependwa na wote wawili, anaongeza kelele kuliko uzito. Niliivumilia kwa ajili ya wimbo wa kuagana, “For Good”. Schwartz ameeleza kwamba alimwuliza binti yake angemwambia nini rafiki yake mkubwa kama angejua kwamba hawataonana tena, na majibu ya binti huyo yakaingia katika ubeti wa kwanza. Jina la wimbo kwa Kiingereza lina maana mbili kwa mpigo, milele na kwa wema, na niliwahi kusikia ikidaiwa kwamba halifasiriki. Sisi tunalisema kila siku bila kulisikia, maana kwa heri ni kuachana kwa wema, na asiyetumaini kumwona tena mwenzake huacha tu kuongeza ya kuonana. Zaidi ya hayo, katikati ya wimbo wanaombana msamaha kwa lolote ambalo kila mmoja analaumiwa na mwenzake, kisha wanakiri kwamba lawama hazina tena maana. Bibi yangu asingehitaji mkalimani hapo: wale wanatakana buriani, kama afanyavyo mtu kabla ya safari ndefu au anapohisi siku zake zimekwisha. Na Elphaba anamwachia Glinda kitabu chake cha uchawi pamoja na sharti gumu, kwamba asijaribu kamwe kulisafisha jina lake.

Tuliagana kituo cha treni cha Victoria, hatua chache tu kutoka ukumbini. Nilikuwa nimekusudia kumweleza hayo ya buriani, lakini treni yake ilikuwa inaondoka, milango ikafungwa, ikanibidi nimtumie kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Akanijibu kwamba ameusikiliza mara mbili, na kwamba mtandio wangu amebaki nao.